Jua, injini na mashine ya kupoza: nani amfuate mwenzake?

Injini ya gesi inayofua umeme hugeuza takriban asilimia 35 hadi 40 ya nishati ya mafuta yake kuwa umeme, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutokea kwenye moshi na kwenye maji yanayoipoza. Joto hilo likinaswa, likapasha maji na kuendesha mashine ya kupoza hewa, sehemu ya nishati inayotumika hufikia asilimia 80 hivi. Huo ndio msingi wa mtambo wa umeme, joto na ubaridi kwa pamoja, na kwangu ni miongoni mwa matumizi ya busara zaidi ya mafuta.

Mashine ya kupoza kwa joto haihitaji kompresa, ile pampu ya umeme inayoshindilia gesi ndani ya friji. Ndani yake, shinikizo hushushwa hadi karibu na ombwe, yaani hali isiyo na hewa, ambako maji huchemka kwenye nyuzi joto 5 hivi huku yakichukua joto la maji yanayozunguka jengoni. Mvuke wake hunyonywa na myeyuko wa chumvi ya lithiamu bromaidi, kisha joto la nyuzi 80 hadi 95 huutenganisha na chumvi hiyo ili mzunguko uanze upya. Joto la jua nalo laweza kufanya kazi ya namna hii: mwaka 1878, katika maonyesho ya Paris, Augustin Mouchot alitengeneza barafu kwa kutumia joto la jua.

Ugumu huanza tunapoongeza paneli za sola. Mchana, umeme wa jua unapokuwa mwingi, injini hupunguziwa mzigo ili kuokoa mafuta. Lakini injini ikipunguziwa mzigo, joto lake nalo hupungua, na mashine ya kupoza hukosa chakula chake katika saa zilezile ambazo jengo linahitaji ubaridi zaidi. Anayepima ukubwa wa kila kifaa peke yake hataliona jambo hili hadi mtambo uwashwe.

Wengi hupendekeza pengo hilo lizibwe kwa vipasha maji vya jua. Tupige hesabu kwanza. Mita moja ya mraba ikipata jua la wati 1,000, paneli nzuri hutoa wati 200 za umeme, na mashine ya kompresa inayotoa ubaridi mara 4 ya umeme inaoutumia itatupa wati 800 za ubaridi. Mita hiyohiyo ikiwekewa kipasha maji kinachonasa nusu ya jua, tutapata wati 500 za joto, na mashine ya lithiamu bromaidi, ambayo ubaridi wake ni kama 0.7 ya joto inalopewa, itatoa wati 350 tu.

Kwa hiyo, paa ningeliwekea paneli, ubaridi wa mchana ningeuachia kompresa, na joto la injini ningelielekeza kwenye mashine ya lithiamu bromaidi kuanzia jioni, jua linapokuwa limezama. Vipasha maji vya jua ningeviweka pale tu maji ya moto yanapohitajika mwaka mzima, kama hospitalini. Tangi nalo lisisahaulike: lita 10,000 za maji zikipandishwa nyuzi 10 huhifadhi takriban kilowati-saa 116 za joto, akiba inayoiwezesha injini kufanya kazi kwa mzigo unaoifaa kisha ikazimwa, huku mashine ya kupoza ikiendelea.