Punda wa Dobi Darasani Pune

Nilipokuwa nasoma Pune, India, nusu ya darasa letu la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, walikuwa watawa. Siku moja tukafika Jataka ya 208, mojawapo ya zile hadithi 547 za maisha ya awali ya Buddha. Mke wa mamba anatamani moyo wa kima. Mamba anamrubuni kima ampande mgongoni wavuke mto Ganges, na katikati ya maji anamfichulia shauri. Kima anamjibu kwamba wao mioyo huiacha imetundikwa mtini.

"Hii ni ya bibi yangu," nikasema. Kwa bibi, Pangani, mnyama alikuwa papa, ametumwa kwa kuwa sultani wao mgonjwa, na mti ulikuwa mkuyu. Msichana wa Kimarathi akadai ni ya kwao, ya Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za Kihindi, na mti ni mzambarau.

Mtawa mmoja wa Sri Lanka, tuliyemwita Bhante, akatumalizia kama Jataka inavyomalizia: mamba ndiye Devadatta, hasimu wa Buddha, kima ndiye Buddha mwenyewe. Nikapinga. Papa wetu katumwa na mkubwa wake, uhasama ameutoa wapi?

Mwalimu akatusomea beti peke yake, maana ndizo za kale. Nathari ni ya wafafanuzi waliokuja baadaye. Beti ni mbili tu. Devadatta hatajwi, wala Ganges. Kima anasema hataki maembe, zambarau wala mafenesi ya ng'ambo ya bahari, mti wake wa jamii ya mkuyu unamtosha. Bahari, na mkuyu! Nikatamba.

"Na kima wa bibi yako alisema nini alipookoka?" mwalimu akauliza. Nikasimulia punda wa dobi: sungura alivyomrubuni mara mbili kwa simba mgonjwa, akala moyo na masikio yake, kisha akasema punda hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi. Mwalimu akacheka. Punda huyo hayumo katika Jataka hii. Yumo Panchatantra, na katika kitabu cha hadithi cha Kalila wa Dimna, alichokiandika Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu karne ya 8. Msichana wa Kimarathi akapiga meza.

Bhante hakujali nani kashinda. Kila Jataka huanza na tukio lililomfanya Buddha aisimulie, naye alitaka tukio la bibi. Nikamwambia: ilikuwa usiku mjomba alipofunga mizigo arudi kwa tajiri aliyekwisha kumdhulumu mshahara.

"Basi," akasema kwa sauti ya kuhubiri, "punda wa wakati ule ndiye mjomba wako wa sasa."