Kopo la Vidonge

Mwaka ule nilikuwa na miaka 58, na kilima nilichokipanda kila Jumapili kwa miaka kumi na mitano kilianza kunishinda. Asubuhi moja nilifika katikati, miguu ikawa mizito, moyo ukadunda hadi nikausikia masikioni. Nikakaa kando ya njia. Wenzangu wawili walinipita wakanipungia mkono, wakidhani nafunga kamba za viatu.

Miezi mitatu nzima nilikuwa nikijiambia ni umri. Mwenzangu mmoja wa mazoezi, mwanamume wa miaka 62, yeye alisema ni damu, akanipa kopo la vidonge vya madini ya chuma. Nikawa nameza kimoja kila siku nikitoka kukimbia, kwa kikombe cha chai. Choo kikawa cheusi. Nilikuwa nimesikia kwamba vidonge hivyo hubadilisha rangi ya choo, basi sikujali.

Baada ya kukwama pale kilimani nilikwenda hospitali. Daktari alikuwa binti, rika la kitinda mimba wangu. Majibu yalipotoka, hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa 10.4, na mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 9. Ikishuka chini ya 15, akiba imekwisha. Nilipata hata nafuu ya moyo, kwamba uchovu wangu una jina. Nikatoa lile kopo mkobani nikitarajia aniongezee dozi.

Hakulishika. "Mama, hedhi ilikoma lini?"

"Nilipokuwa na miaka 51."

"Sasa damu hii inakwenda wapi?"

Swali hilo halikuwahi kunijia. Siku zote nilichukulia kwamba chuma kikipungua ni kwa sababu mtu hali vizuri. Akanieleza kwamba kwa kawaida mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku, na chakula hurudisha kiasi hicho. Msichana akiishiwa, huulizwa kwanza kuhusu hedhi. Mwanamke wa umri wangu, au mwanamume, hutafutwa mahali panapovuja, na pa kuanzia ni tumboni. Kukimbia nako kuna mchango wake: nyayo zikigonga ardhi, baadhi ya chembe nyekundu hupasuka, na mbio ndefu zinaweza kuuvujisha utumbo damu kidogo. Lakini kwa mbio zangu, alisema, hapakuwa na sababu ya kufika 9.

"Dawa za maumivu je?"

Goti. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimeza ibuprofeni kabla ya kila mbio ndefu, na wakati mwingine kidonge kingine jioni. Alipouliza mwanzoni natumia dawa gani, sikuitaja, kwa kuwa nilikwisha kuiona sehemu ya vifaa vya mazoezi, kama viatu. Akauliza pia kuhusu choo: kinanata? Kina harufu kali? Nikanyamaza. Kilikuwa kama lami, dalili ya damu inayovuja tumboni.

Kamera waliyonipitisha mdomoni ilionyesha vidonda viwili tumboni, kimoja kikichuruzika damu. Hakutosheka na hapo. Aliagiza utumbo mpana nao uchunguzwe, maana saratani ya huko inaweza kuanza hivi hivi, kwa uchovu na damu kupungua. Siku za kusubiri jibu lile ndizo zilizokuwa ndefu kuliko mbio yoyote niliyowahi kukimbia. Utumbo ulikuwa salama.

Ibuprofeni nikaiacha siku hiyo hiyo. Nikapewa dawa ya vidonda, na chuma nikabadilishiwa utaratibu: kidonge kimoja siku moja, siku ya pili napumzika, asubuhi kabla ya mazoezi, bila chai. Kumbe baada ya mazoezi makali mwili hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo kwa saa kadhaa huzuia utumbo kufyonza chuma. Nami nilikuwa nameza saa zile zile, na chai juu yake.

Mwezi wa nne wa matibabu hemoglobini ilifika 12.9 na feritini 44. Nilitaka kuendelea, nijaze akiba kabisa. Daktari akakataa. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, akasema, na hedhi iliyokuwa ikipunguza ilishakoma. Kikirundikana, huharibu ini, moyo na hata maungio ya mifupa. Tukakubaliana nipime kila baada ya miezi sita, nikiwa nimepumzika siku mbili tatu, kwa sababu feritini hupanda kwa muda baada ya mbio nzito na kumdanganya anayeisoma.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule mwenzangu, nikamrudishia kopo lake. Nikamuuliza, yeye kipimo chake cha mwisho kilikuwa lini?

Hakuwahi kupima. Alikuwa akimeza kila siku kwa miaka minne, ili asiishiwe nguvu.

Hatukukimbia siku ile. Tulikaa pale chini ya kilima, nikamsimulia yote, hata habari ya choo. Jumatatu asubuhi nilimsindikiza kwenda kutoa damu.