Aliyetoa Shahada Leo

Hapa Kisumu mtu akisilimu, kabla hajafundishwa hata Alhamdu, sura ya kwanza ya Qur'ani, ataulizwa kwa nini. Na mara nyingi anayeuliza hangoji jibu, maana analo lake tayari: ni msichana, ni kazi, ni tajiri fulani wa mjini. Leo baada ya swala ya Ijumaa limetokea hilo hilo, nami nimerudi nalo nyumbani rohoni. Heri niliandike kabla ya Maghribi.

Imamu alipomaliza salamu alituomba tusitawanyike, kuna kijana anataka kutoa shahada. Akina mama tunaswali ghorofani, tunasikia kwa kipaza sauti tu, kwa hiyo uso wake sikuuona. Nilimsikia imamu akimuuliza taratibu kama kuna mtu aliyemlazimisha. "Hapana, ustadhi." Je, anaelewa kwamba anakiri hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad ni Mtume wake? "Ninaelewa." Kisha akamtamkisha kipande kwa kipande: Ash-hadu an laa ilaaha illa-Llah, wa ash-hadu anna Muhammadan rasulu-Llah. Sauti ya kijana ilikwama katikati, akarudia mwenyewe bila kuambiwa. Msikiti ukajaa takbira. Mama aliyekaa karibu nami hakungoja hata takbira zikatike: "Huyo ni wa yule binti wa Manyatta. Ngojeni nikahi ipite."

Sikumjibu, kwa kuwa ni mkubwa wangu na pale si mahali pa kujibizana. Lakini njia nzima nilikuwa nikimfikiria Usama bin Zayd, sahaba wa Mtume. Kisa chake kimo katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim na kila aliyekaa madrasa amewahi kukisikia: vitani alimshinda mtu, yule mtu akasema laa ilaaha illa-Llah, na Usama akamuua. Habari zilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza kama kweli amemuua baada ya kutamka neno lile. Usama akajitetea kwamba alilisema kwa kuogopa silaha. Mtume akamuuliza: je, uliupasua moyo wake ukajua? Akawa analirudia swali mpaka Usama akatamani laiti angekuwa amesilimu siku ile ile, asiwe na hilo nyuma yake.

Yule alikuwa vitani, na upanga uko juu ya kichwa chake. Hata hivyo ulimi wake ulikubaliwa. Sasa huyu wetu amesimama kwa miguu yake mbele ya msikiti mzima, hakuna aliyemshikia kitu, nasi tunataka kuupasua moyo wake!

Hata kama kuna binti, vipi? Mwenyezi Mungu humleta mja kwa mlango autakao. Ikhlasi, yaani nia safi, ni sharti la shahada, hilo silipingi; masheikh wetu wanayataja masharti yake, elimu, yakini, ukweli, mapenzi, na mengine. Ila ni masharti ya mtu kujipima mwenyewe usiku akiwa peke yake. Jirani hakupewa mizani hiyo.

Nadhani sisi tuliozaliwa ndani ya Uislamu tumelizoea neno hili. Tuliadhiniwa sikioni siku ya kuzaliwa. Katika swala tano za faradhi peke yake tunalisema mara 9 kwa siku, moja katika tahiyatu, kile kikao cha swala, ya Alfajiri na mbili mbili katika zile nyingine, kidole cha shahada kikinyanyuka chenyewe hata fikra zikiwa sokoni Kibuye. Tunasahau kwamba linaanza kwa kukanusha. Kabla ya kumthibitisha Mungu Mmoja unaondoa kwanza kila kingine ulichokiinamia, kiwe sanamu, cheo, fedha, mganga au hofu ya watu. Kwa mtu wa kwetu huku, hofu ya watu si jambo dogo. Kijana huyu kwao ni Nyakach. Ataulizwa mambo ya mazishi, ya mila, ya sadaka kanisani, na nani atasimama na nani ukoo ukikutana. Abu Talib, ami yake Mtume, alimpenda na kumlinda mtoto huyo wa ndugu yake miaka yote, na bado kitandani pa mauti, alipoombwa alitamke neno hili, wakubwa wa Makka waliokuwapo walimkumbusha mila ya baba yake, Abdul-Muttalib, akafa juu ya mila hiyo. Neno lile lile lililomshinda mzee yule na heshima yake yote, leo limetamkwa na kijana wa Nyakach.

Na mimi ni nani nimuulize sababu? Babu yangu mzaa baba alisilimu Mumias. Uislamu ulifika kule na misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu tangu karne ya 19, kabla reli haijaufikia mji huu wa Kisumu mwaka 1901, na Nabongo Mumia mwenyewe, mtawala wa kule, akaingia katika dini. Bila shaka nao walinong'onwa kwamba wanafuata nguo na biashara, au wanataka kuwa karibu na mtawala. Huenda wengine ndivyo walivyoanza. Sijui babu alianza vipi, ila najua alikufa akilitamka, baba yangu akiwa amemwinamia, na kwamba swala zangu zote zimetoka katika siku ile aliyosilimu, ambayo hakuna aliyejua itadumu.

Nimesikia pia baadhi ya wanaume wakimchagulia jina pale uani. Anaitwa Otieno, kazaliwa usiku basi, hakuna ushirikina hapo. Umar, Bilal na Khadija waliposilimu walibaki na majina yao. Kama mwenyewe analitaka jina jipya, sawa, lakini asifanywe aone kwamba lazima amkatae aliyempa la kwanza.

Hilo ndilo linalonihangaisha kuliko yote, mama yake. Nimemwomba mume wangu amwalike kijana chakula Jumapili, na asimuulize habari za binti. Amfundishe Alhamdu, wasome pole pole. Kisha amsomee ile aya ya sura ya Luqman, kwamba wazazi wakimshurutisha katika shirki asiwatii, lakini akae nao duniani kwa wema. Na amwambie habari ya Asma binti Abu Bakr, sahaba wa kike, aliyejiwa na mama yake aliyekuwa angali mshirikina, akamuuliza Mtume kama aunge naye ukoo, akajibiwa ndiyo, muunge mama yako. Nauli ya Nyakach tutamchangia sisi, aende kwao mwisho wa wiki inayofuata, na asiende mikono mitupu: sukari, unga, na leso ya mama.