Pau Mbili, na Hakuna Kupita

Upanga, Ijumaa usiku

Mimi na mjomba tumeuacha mfumo wetu wa zamani wa kunadi katika briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, na kuhamia ule unaoitwa mbili-juu-ya-moja. Kiini chake ni chepesi kukieleza: mwenzangu akifungua kwa kopa moja au shupaza moja, nami nikajibu kwa aina ya chini yake katika ngazi ya pili, mfano pau mbili (pau ndiyo ya chini kabisa, kisha uru, kopa na shupaza), basi hakuna kati yetu mwenye ruhusa ya kupita, yaani kuacha kunadi, mpaka tufike gemu. Kulielewa jambo hilo hakunichukua muda, lakini kuliamini mezani, karata zikiwa mkononi na wapinzani wakinitazama, ni kazi ambayo bado naifanya.

Kwa msomaji asiyecheza briji, nieleze kwanza kwa nini gemu ina uzito huo. Kabla ya kucheza watu hunadi kwa zamu, wakitaja idadi ya mizunguko wanayoahidi kushinda na aina ya turufu; tamko la mwisho ndilo mkataba, nao huhesabiwa kwa mizunguko inayozidi sita (kopa moja ni mizunguko saba), na kila mzunguko ulioahidiwa hulipa pointi 30 kwa kopa na shupaza, 20 kwa pau na uru, na kwa bila turufu hulipa 40 wa kwanza kisha 30 kwa kila unaofuata. Mkataba unaofikisha 100 ndio gemu. Kwa hiyo bila turufu tatu inatosha, kopa au shupaza zinahitaji nne, na pau au uru zinahitaji tano. Anayetimiza mkataba wa chini ya hapo huongezewa 50 tu, ilhali mwenye gemu huongezewa 300, au 500 akiwa upande wa hatari, yaani ule ambao malipo na adhabu zake ni kubwa zaidi. Mpango huu una asili yake katika hesabu alizozipanga Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925 akiwa melini, katika safari iliyopitia Mfereji wa Panama, na tangu hapo wachezaji wamekuwa wakitafuta namna ya kuhakikisha kwamba hawaiachi gemu mezani. Nguvu ya karata nayo ina pointi zake: tukihesabu ree kuwa 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, pakiti nzima ina pointi 40, na wawili wenye 25 au 26 kwa kawaida wanastahili kujaribu. Mfunguzi huwa na 12 hivi. Nami nikiwa na 13, hesabu imekwishajifunga yenyewe, na jibu langu la ngazi ya pili linasema hivyo hivyo.

Katika mfumo wa zamani jibu hilo lilihitaji pointi 10 tu na liliahidi kwamba nitasema tena mara moja. Baada ya hapo, mwenye nguvu alilazimika kuruka ngazi ili mwenzake asimwache njiani, na kila mruko ulikula nafasi ambayo tungeitumia kuulizana. Ilikuwa kama mtu anayeingia duka la Kariakoo na kutaja bei yake ya mwisho kabla hajaulizwa: hakuna kilichobaki cha kuzungumza.

Jana usiku, baada ya Isha, tulikaa kibarazani kwa mjomba pamoja na jirani wa ghorofa ya pili na shemeji yake, feni ikiwa imezimwa ili isipeperushe karata. Mjomba akafungua shupaza moja. Mimi nilikuwa na shupaza mfalme, nane na nne. Kopa ree na sita. Uru malkia, saba na tatu. Pau ree, mfalme, tisa, sita na mbili. Nikasema pau mbili, naye akajibu uru mbili. Hapo nikasema shupaza mbili, tamko dogo kabisa lililokuwepo la kuikubali aina yake. Zamani tamko hilo lingemaanisha kwamba sina la ziada na kwamba anaweza kupita, kwa hiyo ningelazimika kurukia shupaza nne na kulifunga jambo. Sasa, kwa kuwa hakuna wa kupita, upole huo ulikuwa na nguvu kuliko kelele: ulitangaza turufu tukiwa bado ngazi ya pili. Yeye akasema pau tatu kunionyesha kwamba ana kitu katika pau zangu, mimi nikasema kopa tatu kumwonyesha ree, akauliza idadi ya ree, na mkataba ukatua kwenye shupaza sita. Alikuwa na ree, malkia na ghulamu wa shupaza, ree na mfalme wa uru, na malkia wa pau. Mizunguko 12 ilikuwa wazi: mitano ya shupaza, mitatu ya uru, mitatu ya pau na mmoja wa kopa. Hatukuwa upande wa hatari, kwa hiyo tulipata pointi 980, pamoja na nyongeza ya 500 ya mkataba wa ngazi ya sita, mahali ambapo shupaza nne, hata kwa mizunguko ile ile, ingetupa 480.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi mfumo ulivyougeuza mruko. Turufu ikishakubaliwa, anayekimbilia gemu moja kwa moja ndiye anayesema kwamba hana la ziada, na anayetembea polepole ndiye mwenye akiba. Shemeji wa jirani, ambaye bado ananadi kwa mtindo wa kale, alitikisa kichwa aliposikia shupaza mbili. Nadhani alijua tunaelekea nne, ila hakujua kwamba tunaweza kwenda mbele zaidi.

Lipo pia jambo la heshima. Mjomba ni mtu ninayemwamkia shikamoo kabla sijavua viatu, na katika mambo ya nyumbani siwezi kumwambia asimame wala aketi. Mezani, hata hivyo, pau mbili yangu inamfunga hata akiwa amefungua kwa karata hafifu ambazo asingetaka kuzitaja tena. "Mjomba, umenishika shati," huniambia huku akicheka, kwa kuwa naye huniita mjomba, kisha anatamka kinachompasa. Na hairuhusiwi kuvuta pumzi kwa namna ya kunionya: ukiacha nambari, majina ya aina za karata, bila turufu, kupita, kuongeza mara mbili na kurudufu, mnada wa briji hauna neno jingine. Kwa watu tuliokulia karata za vibarazani, ambako kukonyezana na mwenzako ni nusu ya utamu, hilo ni gumu kuliko mfumo wowote.

Gharama yake ipo, na wanaousifu mfumo huu huipitia haraka mno kwa ladha yangu. Karata nyingi zisizofikia gemu lakini zisizostahili kupita sharti zipite kwenye mlango mmoja wa bila turufu moja, tamko ambalo nalo mfunguzi haruhusiwi kuliacha likae. Akiwa na kopa tano na aina nyinginezo tatu, tatu na mbili, atalazimika kutaja pau au uru akiwa nazo tatu tu, na mkataba wa bila turufu moja, ambao mara nyingi ungekuwa mahali pazuri pa kutulia, umetutoka. Mbegu ya tamko hilo la lazima ilikuwamo tayari katika mfumo wa Alvin Roth na Tobias Stone wa Marekani, na vitabu vya Max Hardy vikaja kuusambaza mfumo mzima. Mimi naona biashara hiyo ina faida, ingawa usiku wa karata dhaifu mtu huilipa bila kuona anachonunua.

Mipaka nayo haikosi. Mpinzani akiingilia mnada, sheria ya kufika gemu haitumiki kwetu; aliyekwisha kupita mwanzoni naye hawezi kumlazimisha mwenzake, maana karata zake zimekwisha kujieleza. Lililobaki ni uru moja ikijibiwa pau mbili, ambapo kila jozi hukubaliana kivyake. Mjomba anataka ilazimishe gemu kama nyinginezo, ili asikumbuke mambo mawili. Mimi nataka pointi 11 zenye pau sita ziwe na pa kusemea. Katika karatasi ya makubaliano yetu, iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kabati la vyombo, mstari huo umeandikwa kwa penseli, na kila mmoja wetu ameshaufuta kwa zamu.