Paa kwanza, kuku baadaye, nyuki mwisho: kumbukumbu ya mradi wangu wa nyumbani, Mingoyo

Jumamosi, 15 Juni 2024

Nyumba yetu iko Mingoyo, si mbali na Mnazi Mmoja, pale ambapo barabara itokayo Lindi mjini inagawanyika, moja ikielekea Masasi na nyingine Mtwara. Kwa muda mrefu nilikuwa na mipango mitatu, kila mmoja na daftari lake: matengenezo ya nyumba, banda la kuku na mizinga ya nyuki. Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa Mei kiliichanganya yote kuwa mmoja. Wenzetu wa upande wa Kilwa walipata hasara kubwa, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika. Hapa kwetu mabati matatu ya upande wa kusini yalifunuka, na maji yakashuka ukutani hadi kwenye kabati la vitabu.

Leo fundi amepanda darini, nami nikamfuata na tochi. Ni kijana niliyemfundisha darasa la sita, kwa hiyo hawezi kunidanganya wala mimi siwezi kumpunja. Alitoa msumari wa inchi nne mfukoni, akauweka kwenye papi (mbao inayopigiliwa mabati) ya tatu kutoka ukutani na kuusukuma kwa kidole gumba, bila nyundo. Msumari ukazama wote. Alipouchomoa, vumbi la rangi ya uji likamwagika juu ya miguu yangu.

“Mwalimu, hii si mbao tena,” akasema. “Huu ni unga uliovaa ganda la mbao.”

Tuliifuata njia ya mchwa kwa tochi. Ilikuwa mstari mwembamba wa udongo, unene wa kamba ya kiatu, uliopanda kutoka kwenye pembe ya sakafu, ukapita nyuma ya mlango na kuingia darini. Kumbe kimbunga kilimalizia tu kazi ya mchwa na ya kutu. Hewa ya chumvi ya huku pwani hula kichwa cha msumari kabla haijala bati lenyewe, na bati likishakosa msumari, upepo hauhitaji nguvu nyingi.

Kinachonibana ni kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, ilhali fedha za korosho zinapatikana baada ya minada inayoanza Oktoba. Mtu akisubiri korosho ndipo aezeke, anaezeka huku anatazama mawingu. Nimeamua paa lianze sasa kwa akiba iliyopo, na mengine yafuate kadiri mfuko utakavyoruhusu.

Jumapili, 7 Julai

Upande wa kusini umeezekwa upya. Tulitumia mabati 14 ya mita tatu na mengine 14 ya mita mbili, yote ya geji 28, kwa sababu geji 30, iliyo nyembamba zaidi, ni ya bei rahisi lakini karibu na bahari haidumu. Papi zote za upande huo zilibadilishwa na kupakwa dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa. Mabati ya zamani sikuyauza. Kumi na moja kati yake bado yana uzima wa kutosha kuezekea banda, ukikata ncha zilizoliwa na kutu.

Gata nayo imefungwa, na sababu yake ni kuku na nyuki kuliko sisi wenyewe. Hesabu ya maji ya paa ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukipima chini, paa letu lote linafunika mita 80 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inaleta lita 800, na hata nikitoa sehemu ya tano kwa ajili ya kinachorukia nje na kile cha kwanza cha kuoshea vumbi, zinabaki 640. Tangi la lita 2,000 litajaa baada ya milimita 30 na kidogo.

Plasta ya chumba cha nyuma na wavu wa mbu kwenye madirisha mawili vilichukua siku nne, na havina hadithi.

Jumamosi, 10 Agosti

Banda limesimama. Lina urefu wa mita tatu na upana wa mita mbili. Kwa kuku wa kienyeji wanaoshinda nje na kuingia kulala, watano kwa kila mita ya mraba ni hesabu inayofaa, kwa hiyo banda linaweza kubeba 30. Nitaanza na mitetea kumi na jogoo mmoja, kwa maana sijawahi kuona mtu aliyeanza na kuku wengi akabaki nao.

Nilichokifikiria kwa muda mrefu zaidi ni namna ya kulielekeza. Pande ndefu zimetazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu, kwani joto la pwani huwapunguza kuku kutaga. Kuta ni za matofali hadi usawa wa goti, na juu yake ni wavu. Tatizo la mpangilio huu ni kwamba upande wa kusini unapokea kusi uso kwa uso, na mwezi huu kusi bado linavuma. Nimeshona viroba sita kuwa pazia moja linaloshushwa usiku na kukunjwa asubuhi. Mke wangu anasema limependeza kuliko pazia la sebuleni, na sijui kama alikuwa ananisifu mimi au anaidai sebule yake.

Ndani kuna fito za kulalia na viota vitatu vya sentimita 30 kila upande, vilivyowekwa kwenye pembe yenye giza. Sakafuni nimemwaga maranda. Miguu ya fito nimeipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa na utitiri. Wavu nimeuzika chini kiasi cha shubiri moja kuzunguka banda lote, maana kicheche hahitaji mlango. Akipata pa kuchimba, asubuhi unakuta shingo tu.

Jumamosi, 24 Agosti

Leo mpango wa nyuki umevunjika, na aliyeuvunja amefanya vyema.

Nilikuwa nimechonga mizinga mitatu ya viunzi vya juu, yaani vijiti bapa vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize masega, kutokana na mbao nilizonunua, si zile za darini, na nilijivunia kwamba kila kiunzi kina upana wa milimita 32 kamili. Huo ndio umbali ambao nyuki wetu wanauacha kutoka kitovu cha sega moja hadi kitovu cha jingine. Ukizidisha upana, wanajenga masega kwa kuvuka viunzi, na siku ya kuvuna huwezi kuinua kimoja bila kurarua viwili. Nilikuwa nimeshachimba mashimo ya nguzo mwisho wa kiwanja, hatua kama arobaini kutoka bandani, pale jirani yetu mkubwa alipofika na fimbo yake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mashimo haya ni ya nini?”

Nilipomweleza hakugomba. Alinyoosha fimbo kuelekea mwembe wake ulio upande wa pili wa michongoma. “Mbuzi wangu namfunga pale kila siku tangu asubuhi. Wewe nyuki wakichafuka utakimbia, na mimi nitajikokota niingie ndani. Yule mwenye kamba shingoni atakwenda wapi?”

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna jibu. Nyuki wakali wakichokozwa hawachagui adui, na mnyama aliyefungwa au kuku aliye ndani ya wavu ndiye anayekufa kwanza. Nilikuwa nimewafikiria watoto na wapita njia, lakini si mbuzi wa watu, na kusema kweli hata kuku wangu mwenyewe sikuwa nimewafikiria vya kutosha. Hatua arobaini ni umbali wa mkulima mwenye haraka.

Mizinga hiyo itakwenda kwenye shamba letu la mikorosho, mwendo wa saa moja kwa miguu, ambako hakuna nyumba. Huko nako kuna jambo lake. Kuanzia Juni mikorosho inachipua na kuchanua, na nyuki wanayapenda maua yake, lakini ndio wakati wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga na viuatilifu dhidi ya mbu wa mikorosho. Salfa inaua ukungu, ila viuatilifu vya wadudu havitofautishi mbu na nyuki. Nimezungumza na majirani wawili wa shamba, tukakubaliana kwamba atakayepuliza dawa ya wadudu aniarifu siku moja kabla, na apulize jioni nyuki wakishaingia mzingani. Mizinga yenyewe itaning'inizwa kwa waya kati ya miti, usawa wa kifua, ukingoni mwa kichaka na mbali na safu za mikorosho. Waya utawazuia siafu, ukipakwa grisi, na utampa nyegere kazi ngumu kidogo.

Jumamosi, 21 Septemba

Jiko letu la nje ni la miti na udongo, na lina ufa nyuma ya mafiga ambao niliuandika kwenye orodha tangu Juni. Leo nimekwenda na udongo uliokandwa tayari, nikakuta kwenye ufa kijibomba cha nta, kirefu kama kucha na chembamba kuliko kalamu, na mdomoni mwake vichwa vitano vyeusi vikinitazama. Walikuwa nyuki wadogo, wale wasiouma.

Nilikaa chini na kucheka peke yangu. Miezi mitatu nimepima, nimechonga, nimejadiliana na bibi, na kumbe nyuki wanaofaa kwa uwanja wa nyumbani walikuwa wakiishi nyuma ya chungu cha maharage. Asali yao ni kidogo, nyepesi na yenye ukali wa ndimu, na watu wa huku wanaiweka kama dawa ya kikohozi kuliko kitu cha kupaka kwenye mkate. Wanachavusha mipapai na maboga bila kumdhuru mbuzi wa mtu.

Sikutaka kubomoa ukuta. Nimeutengeneza ufa wote isipokuwa mahali pa kijibomba, nikakizungushia udongo na kukiunganisha na kipande cha mpira wa maji kinachoingia kwenye kisanduku cha mbao chenye ukubwa wa tofali. Upande wa pili wa kisanduku nimetoboa tundu la kutokea, nikalipaka nta niliyobandua ukutani ili wanuse kwao. Kila anayetoka au kuingia sasa lazima apite kisandukuni. Njia hii inachukua miezi, na lengo ni kwamba nafasi ya ukutani ikiwabana waanze kuweka asali sandukuni. Jioni ya leo walikuwa wamevurugika, wakizunguka mahali mlango wao ulipokuwa zamani, na nilijuta kidogo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kuku wamefika kutoka Mtama, kumi na mmoja, na tayari wamepata chanjo ya kideri ya matone, tone moja kwenye jicho kwa kila mmoja. Chanjo hiyo ni ya aina ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine, na ndiyo inayofaa kwa sisi tusio na jokofu la uhakika, mradi irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Tarehe ya Januari nimeiandika kwa mkaa kwenye mlango wa banda, kwa sababu daftari hili huwa nalisahau.

Chombo cha maji cha kuku nimekiweka ndani ya wavu, na beseni la nyuki wadogo, lenye mawe ya kutulia, upande wa jiko.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha usiku, ya kutuliza vumbi tu. Paa halikuvuja. Tangi limepata maji ya kina cha kiganja, yakiwa na rangi ya chai kwa sababu nilisahau kuyaacha ya mwanzo yapite.

Shambani, mzinga mmoja kati ya mitatu umeingia nyuki. Wa pili una buibui, na wa tatu ni mtupu kabisa ingawa niliupaka nta na mchaichai kama wenzake.

Mitetea miwili imeanza kutaga, mmoja kiotani na mwingine, kwa ukaidi wake, ndani ya kapu la mkaa. Nikiwa jikoni kulichukua yai hilo nimekitazama kisanduku. Kwenye tundu la kutokea nyuki wadogo wamejenga kijibomba kipya cha nta, bado laini na cheupe, kirefu kama punje ya mchele.