Viti kumi na viwili

Mwanza, Jumamosi usiku

Leo nimekabidhi mhuri. Pamoja nao nimekabidhi boksi-faili moja, daftari la mahudhurio lenye jalada lililomwagikiwa chai, na ufunguo wa kabati ambalo mlango wake uling'oka zamani. Basi. Ndiyo mali yote ya tawi letu la chama cha wahandisi, na nimeilinda miaka 4 utadhani hazina ya mfalme. Nilipofika nyumbani mama watoto akaniuliza, "Kwa hiyo Alhamisi sasa utakuwa unakula na sisi?" Nikasema ndiyo. Hakuonekana kuamini.

Ukatibu wenyewe niliupata kama wengi wanavyoupata. Nilitoka nje kupokea simu ya saiti, niliporudi nikapigiwa makofi.

Mwanzoni sikujua vizuri hata ninachokiongoza. Kuna kijana alinisubiri nje ya ofisi tangu saa 2 asubuhi, bahasha ya vyeti mkononi, akitaka nimsajili. Nikamweleza kitu ambacho nimekuja kukieleza mara nyingi mno: kusajili ni kazi ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, chombo cha serikali kilichowekwa kwa sheria, ya kwanza ya 1968 na hii ya sasa ya 1997. Bodi ndiyo inayokupa namba. Ndiyo inayoendesha tangu 2003 ule mpango wa miaka 3 wa kuwanoa wahitimu kwa vitendo, na ndiyo inayoweza kukufuta ukifanya madudu. Sisi ni chama tu. Hatuna namba ya kumpa mtu wala rungu la kumpiga. Anayetaka anakuja, asiyetaka hakuna wa kumuuliza.

Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, injinia. Sasa nikijiunga nanyi napata nini?"

Mwaka ule jibu langu lilikuwa semina. Nikakodi ukumbi wa hoteli, nikalipa projekta, nikapanga viti 60 na chupa za maji zenye lebo zikitazama upande mmoja. Wakaja watu 7. Mmoja alikuwa fundi wa projekta. Mwingine alikuwa anatafuta kikao cha harusi cha ghorofa ya juu, akaona chai, akakaa. Mtoa mada alikuwa amesafiri kutoka Dodoma, na akatoa mada yake yote kwa viti 53 vitupu, taratibu, bila kuruka hata slaidi moja. Nilikuwa nimekaa mbele nikitikisa kichwa kila baada ya sentensi, shingo ikaniuma siku mbili.

Na swali la bahasha. "Katibu, kuna bahasha?" Siwalaumu wanaouliza. Tumelelewa kwenye warsha za wafadhili ambako mtu anasaini, anapewa posho na nauli, ndipo anaanza kusikiliza. Lakini tawi lina ada ya wanachama tu, na sehemu ya ada inayotakiwa kurudi kwetu kutoka juu ilikuwa inakuja kama mvua ya Agosti. Nilijaribu mara moja kutoa nauli ya 5,000. Mkutano uliofuata hakukuwa na nauli, wakaja wanne.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi tawi linavyokufa. Sikuwahi kuona linauawa na ugomvi. Kwetu liliuawa na barua ya uhamisho, tena mara mbili. Wahandisi wengi hapa ni watumishi wa umma: barabara, maji, umeme, halmashauri. Leo yuko Ilemela, kesho anaripoti Katavi. Mweka hazina wetu alihamishwa Novemba, akaondoka akiwa mmoja wa watia saini wa akaunti. Kubadili saini benki kulihitaji muhtasari wa kikao, kikao kilihitaji akidi, na akidi ilihitaji watu ambao nao nusu walikuwa wameshahama. Miezi 5 tulikuwa na laki tisa na ushee benki na hatuwezi kununua ndoo ya maandazi. Tangu hapo nilishikilia kwamba kati ya watia saini watatu, mmoja lazima awe mtu wa sekta binafsi mwenye nyumba hapahapa mjini. Katiba yetu haisemi hivyo. Ingepaswa kusema.

Katika miezi ile ya ukata nilisoma kidogo jinsi wenzetu walivyoanza. Taasisi ya wahandisi ujenzi ya London, ile ICE, ilianzishwa Januari 1818 ndani ya mgahawa wa kahawa mtaa wa Fleet, na vijana wachache waliotaka mahali pa kufundishana kazi. Miaka miwili walisuasua, mpaka mwaka 1820 walipomwomba Thomas Telford, mjenzi mkubwa wa barabara na madaraja enzi hizo, awe rais wao wa kwanza. Hati ya kifalme ikaja 1828. Rafiki yangu wa umeme naye akanieleza utaratibu wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki: kuanzisha kundi la fani mahali fulani kunahitaji saini za wanachama 12, na ili lihesabiwe liko hai lifanye angalau mikutano miwili ya kitaalamu kwa mwaka. Kumi na wawili! Mimi nilikuwa nakodi viti 60.

Nikaacha hoteli. Shirika moja lilikuwa na chumba cha mikutano kisichotumika jioni, wakakubali tukitumie bure Alhamisi ya pili ya kila mwezi ilimradi tukifagie. Nikapanga viti 12 kwa duara, vingine nikaviacha vimepandana ukutani. Anayekuja wa kumi na tatu anajichukulia chake. Sijui kwa nini, lakini mtu aliyejibebea kiti haondoki mapema.

Sasa nifike kwenye Alhamisi yenyewe. Mhusika amenipa ruhusa kuandika, kwa sharti nisitaje jina wala kijiji.

Mtoa mada hakutokea. Tulikuwa 9, chai ipo, mvua inanyesha. Mwenyekiti akasema tuzungumze tu, kila mtu aseme anafanya kazi gani sasa hivi. Zamu ilipomfikia dada mmoja wa maji, mhitimu wa mwaka wa pili kazini, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nimeua mradi."

Mradi wa mserereko, yaani maji yanashuka yenyewe bila pampu, tangi kilimani, kijiji bondeni. Siku ya kufungua walikuja mkuu wa wilaya, ngoma, na kina mama na ndoo zao mpya. Bomba likafunguliwa. Likakohoa. Likatema tone la maji mekundu, likapiga mluzi, likanyamaza. Mkuu wa wilaya akabaki ameshika koki. Mtu mmoja kwenye umati akasema kwa sauti, "Wametuletea bomba la upepo," na watu wakacheka kicheko kile kibaya.

Mchoro ulikuwa sahihi. Ila hii ni Mwanza, mawe yako kila mahali. Wachimba mtaro walikuta jabali, hela ya kupasua haikuwepo, fundi akalipitisha bomba juu ya jabali na kulifunika udongo. Pale juu pakawa na nundu, na hewa ikajikusanya ndani ya nundu kama kizibo. Palihitaji valvu moja ya kutolea hewa. Kitu cha kushika mkononi. Mchoro haukuwa nayo kwa sababu mchoro haukuwa na nundu, na yeye alisaini karatasi ya kukamilika kwa mtaro bila kuutembea wote. Alibakiza kilomita moja na nusu. Jua lilikuwa kali na gari la ofisi lilikuwa linamsubiri.

"Nilisaini nimekaa kwenye gari," akasema. Halafu akatazama viatu vyake.

Nikasubiri wakubwa waanze kuhutubu. Mzee mmoja mstaafu, aliyejenga mjini hapa tangu miaka ya 80 na ambaye huwa haongei zaidi ya kuitikia shikamoo, akaweka kikombe chini.

"Binti yangu, wewe umekosesha watu maji wiki tatu. Mimi nilivua mirunda siku ya tano."

Chumba kikatulia. Kwa wasio wa fani: zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofa, linashikiliwa na mbao na mirunda mpaka lipate nguvu, na nguvu hiyo tunaipima kwa kawaida siku ya 28. Siku ya tano slabu bado ni mtoto mchanga. Mkandarasi alitaka mirunda akaitumie ghorofa ya pili, akamsumbua, akakubali. Slabu haikuanguka. Ilishuka katikati, kiasi cha vidole viwili, na ikabaki hivyo. "Jengo lipo. Nikipita pale navuka barabara, napita upande wa pili. Miaka thelathini na kitu sasa."

Baada ya hapo hatukuhitaji mwenyekiti. Wa umeme akasema alivyobadilisha fezi mbili kwenye pampu, ikazunguka kinyume usiku kucha huku yeye akilaumu kisima. Wa barabara akasimulia. Tulitoka saa 4 usiku, na dada wa maji alikuwa na namba za simu tatu za watu wa kuwapigia kabla hajasaini kitu chochote tena. Valvu aliifunga wiki iliyofuata, mzee mstaafu akiwa amesimama naye pale jabalini na mwavuli.

Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa ya mkutano kwenda makao makuu. Fomu ina mstari wa "mada". Nikakaa nao muda mrefu. Mwishowe nikaandika: "Uondoaji wa hewa katika mabomba ya mserereko, pamoja na mjadala." Hakuna uongo hapo.

Tangu siku ile kila mwezi nusu ya kwanza ni mada ya kawaida, nusu ya pili milango inafungwa na simu zinawekwa mezani. Wakaanza kuja 15, mara 20, mara moja 34. Grupu la wasapu lilikuwa limejaa matangazo ya kozi na salamu za asubuhi zenye maua, likaanza kuwa na picha za nyufa na swali "wakubwa, hii mnaionaje?" Wapo waliolalamika. Mwanachama mmoja mwandamizi aliniambia tunajidhalilisha, kwamba mhandisi akikiri kosa mbele ya vijana heshima ya fani inashuka. Nilimheshimu, sikumjibu. Yeye mwenyewe hakuacha kuja, ila hukaa karibu na mlango.

Ziara nazo zilisaidia, nisiwe mchoyo wa sifa. Tulipoenda Kigongo kuona daraja la kuvuka ghuba kwenda Busisi likijengwa, basi lilijaa na wengine wakafuata kwa pikipiki. Nusu walikuja kupiga picha na helmeti, najua. Lakini ukisimama pale majini, kilomita 3 za daraja zikinyooka mbele yako na kivuko kikikatiza chini na malori yake, hata mpiga picha anaanza kuuliza nguzo imeingia chini mita ngapi. Lilifunguliwa Juni 2025. Juzi nimelivuka kwa dakika chache tu, na nikajikuta nautafuta ule muda wa kula samaki wa kukaanga kwenye foleni ya kivuko.

Basi leo uchaguzi. Safari hii hakuna aliyetoka kupokea simu. Ukatibu umechukuliwa na yule dada wa maji, amegombea mwenyewe na kumshinda kaka mmoja wa umeme kwa kura tatu. Nimempa mhuri kwa mikono miwili. Akaufungua ule mfuniko, akagonga nyuma ya mkono wake kuona kama wino upo, akacheka.

Kisha akafungua daftari la mahudhurio. Huyu mtu anasoma kila kitu, siku hizi hasaini kwenye gari. Akapekua kurasa taratibu, anahesabu kwa kidole. Mwisho akasema, "Kaka, nusu ya pili humu wote wameshasema. Wengine mara mbili. Hata yule wa mlangoni alisema mwezi wa tatu. Wewe sijakuona."

Nikamwambia katibu huwa anaandika.

"Sasa katibu ni mimi," akasema.

Lipo kalavati moja, njia ya maji chini ya barabara, siku zile nikiwa na miaka 26. Niliweka bomba la milimita 600 mahali ambapo hesabu ilidai 900, kwa sababu mabomba ya 600 yalikuwa tayari yameshushwa saiti na mimi sikutaka kupiga simu. Masika yakaja. Hayo ndiyo ninayoweza kuandika hapa kwa leo.

Saa moja iliyopita ameshatuma tangazo kwenye grupu. Alhamisi ya pili, saa 11 jioni, mada: mifereji na makalavati. Jina langu lipo chini yake, na hakuniuliza. Nimetafuta penseli, nimeanza kuchora ile barabara ilivyokuwa kabla ya mvua. Kona ya mto nimeifuta mara mbili, siikumbuki sawasawa. Nitaenda kuiangalia Jumatatu.