Panya Anaonekana

Tangu Jumapili neno la Shangazi halijanitoka kichwani. Tulikuwa uani kwake Ujiji, yeye akipepeta dagaa kwenye ungo ili mchanga utoke, nami nikimsimulia makala niliyoisoma zamu ya usiku, kuhusu watafiti wanaopiga picha za eksirei za uvimbe wa saratani ndani ya panya wa maabara, panya yule yule, wiki baada ya wiki, wakiufuatilia unavyokua bila kulazimika kumpasua. Ungo ukatulia mikononi mwake.

“Kwa hiyo panya anaonekana, mimi sionekani?”

Nilinyamaza. Picha ya tumbo lake niliipiga mimi mwenyewe mwezi wa tatu, na ilitoka kijivu kitupu, uvimbe wake hauonekani. Wiki hii rufaa yake ya kwenda hospitali Mwanza imetoka na mdogo wangu amejifungua salama, lakini mimi nasikia swali lile tu, na ule ungo ulivyonyamaza.

Jibu lilinijia Jumatano, nikiwa chumba cha mashine. Eksirei tunayoitumia hutegemea kiasi cha mionzi kinachofyonzwa. Mfupa hufyonza kingi, hewa kidogo mno, ilhali uvimbe na nyama inayouzunguka hufyonza karibu sawa. Ili kuvitofautisha, watafiti wale hupima pia jinsi wimbi la mionzi linavyopinda kidogo sana likipita kwenye nyama, kazi iliyokuwa ikitegemea zaidi mitambo mikubwa ya kuzalisha mionzi kama ule wa Grenoble, Ufaransa, hadi mwaka 2006 mwanafizikia Franz Pfeiffer na wenzake walipoifanya kwa bomba la kawaida la eksirei, wakilisaidia kwa vibao vyenye mifereji myembamba mno. Tena panya ni mdogo, hata mionzi hafifu humpenya. Hulazwa kwa dawa ya usingizi, picha zikapangwa kufuata pumzi zake, na anaweza kupewa kiasi cha mionzi ambacho mimi sitakubali kamwe kumpa Shangazi.

Nikampigia simu usiku ule ule. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Ramadhani.

“Basi wamenitangulia, mwanangu. Waambie wasinizibie njia.”

Nimelala vizuri siku mbili. Sasa kipima mionzi changu, kile tunachovaa kazini, ndicho kisichoonekana tangu Alhamisi; mifuko ya koti nimeipekua mara 3, na kesho asubuhi vinakusanywa kwenda kusomwa.